Koko Katika Mashairi Yetu Hasemi Kitu



Leo naomba tuongee juu ya mashairi. Najua wengine mtapita haraka, mtasema mashairi hayaleti kazi. Ni kweli, hayaleti. Lakini kila mwaka, tangu Noeli mpaka siku za kwanza za Januari, ni ninyi wenyewe mnaoyaandika. Mtu ambaye mwaka mzima alikuwa anatuma tu matangazo ya kazi na matokeo ya mpira, ghafla anaamka na beti sita juu ya koko wake. Mimi nayasoma yote. Ni mwaka wa tatu sasa nayakusanya kwenye telefone, mpaka inalalamika kwamba fasi imeisha. Na nina neno juu yake. Sitataja mtu kwa jina, juu wengi wenu ni rafiki zangu na tutakutana tena kwenye mikutano. Shairi baya kuliko yote nitakalosema hapa ni la kwangu mwenyewe.

Kwa yule anayesoma kutoka mbali, nieleze kidogo kwa nini mashairi haya yanakuja wakati ule na si mwingine. Fasi zingine Bonane ni kuku, ni nguo mpya, ni muziki mpaka asubuhi. Makobola, Bonane ni matanga. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, ile tunayoita Mapping, inasema kwamba kuanzia 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999 askari waliua watu zaidi ya 800 katika Makobola II na vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga, Kashekezi. Ripoti ile ni ndefu, inahesabu mambo ya nchi nzima kwa miaka kumi, na Makobola ndani yake imepata fasi ndogo tu. Ina tarehe, ina vijiji, ina hesabu. Majina ya watu haina, na si kazi yake. Majina yako kwa wazee wetu.

Sisi tunaopata lisansi miaka hii, wengi wetu tulizaliwa wakati ule ule au nyuma kidogo. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, kule Kigoma, karibu mwaka mmoja baada ya mambo yale, na nikarudi Baraka kwa meli nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Sikuona kitu. Ninachokumbuka ni sauti za watu wakubwa kushuka tunapoingia ndani ya nyumba. Marianne Hirsch, mtafiti aliyezaliwa Romania kwa wazazi Wayahudi waliookoka vita ya pili ya dunia, alitafutia hali hii jina: ni kumbukumbu ya wale waliokuja nyuma, wanaobeba jambo ambalo halikuwapata wao lakini limewalea. Nilipokuta wazo lile mara ya kwanza niliacha kusoma, nikatoka nje kidogo. Kumbe sisi si wa kwanza.

Basi tufungue yale mashairi.

Shairi la kawaida linakwenda hivi. Kuna koko. Ana nywele nyeupe, ana fimbo, amekaa karibu na moto wa mafiga matatu. Macho yake yameona mengi. Midomo yake inatoa hekima kama chemchemi. Wajukuu wamemzunguka. Halafu koko anakufa, na mwandishi analia kwamba maktaba imeungua. Mwisho anaahidi kwamba hatamsahau milele. Nimehesabu kwenye telefone yangu: mashairi 40 na kitu ya aina hii, na maktaba imeungua mara 17. Kama kweli tungekuwa na maktaba 17 kati ya Uvira na Fizi, nadhani TFC zetu zingekuwa nzuri zaidi.

Nacheka, lakini si kwa dharau. Najiuliza: koko huyu ametoka wapi? Hakuna mtu wa kwetu aliyekutana naye. Koko wangu mimi hana fimbo. Ana jerikani ya njano na goti bovu. Hakai karibu na mafiga jioni kutoa hekima, anakaa karibu na mafiga juu sombe haijaiva na amechoka, na ukimuuliza habari za zamani anakutuma chumvi.

Jibu langu ni kwamba koko yule tulimpata shuleni. Tulimkariri kabla hatujajifunza kuangalia yule wa nyumbani. Mnakumbuka darasa la Kifaransa: Camara Laye na shairi lake kwa mama yake, Birago Diop na shairi lake juu ya pumzi za wahenga. Tuliyasema tumesimama, mikono nyuma, mwalimu akihesabu makosa. Ni mashairi mazuri, siyakatai. Ila sisi tulipewa nusu tu.

Chukua lile la Camara Laye. Ni kweli linasema mambo ya jumla juu ya mama, mambo ambayo mama yeyote wa Afrika angeweza kupewa. Lakini liko fasi gani? Liko mlangoni mwa kitabu, L'Enfant noir, kilichotoka 1953, kilichoandikwa na kijana wa Guinea akiwa mbali, Ufaransa. Ukipita ule mlango unakuta nyumba yenyewe: karakana ya baba mfua vyuma, dhahabu inavyoyeyushwa, nyoka mdogo mweusi ambaye baba anamheshimu, mavuno ya mpunga kijijini kwa mama. Shairi linaweza kuwa la jumla juu nyuma yake kuna kurasa mingi za vitu. Sisi tumenakili mlango tu. Tumeusimamisha katika uwanja mtupu, na tunashangaa kwa nini upepo unapita.

La Birago Diop ndilo linaniuma zaidi. Wengi hatukuambiwa kwamba kabla halijaingia kwenye kitabu chake cha mashairi, lilikuwa ndani ya hadithi inayoitwa Sarzan, katika kitabu cha hadithi za Amadou Koumba cha 1947. Sarzan ni sajenti. Ametembea na jeshi, ameona dunia, anarudi kijijini kwao na kazi ya kuwastaarabisha watu. Anadharau desturi za wazee, anazivunja. Na akili inamwacha. Maneno yale matamu tuliyokariri juu ya wahenga yanatoka katika kinywa cha mtu huyo, aliyerudi na elimu, akachezea asichokijua, sasa anazunguka akiimba. Sisi ndio Sarzan, jamani. Sisi wenye lisansi. Shairi lile tulipaswa kuliogopa, na tumeligeuza kuwa la kusoma siku ya kutoa vyeti.

Na maktaba? Amadou Hampâté Bâ wa Mali alilinganisha kifo cha mzee na kuungua kwa maktaba alipoongea UNESCO mwaka 1960. Hakuwa anatafuta msemo wa kuwekwa kwenye kadi ya matanga. Alikuwa anaomba watu waende haraka kuandika yale wazee wanayoyajua, kazi ambayo yeye mwenyewe aliifanya kwa miaka mingi. Tulichukua msemo, tukaacha kazi. Mtu ambaye hajawahi kukaa na koko wake saa moja na daftari, atalia vipi kwamba maktaba imeungua? Hakuwa hata na kadi ya kuingilia.

Tugeukie lugha, juu hapa tunachekesha watu bila kujua. Vijana waliokulia Tanzania, na wale wanaotaka kuonekana wamesoma Kiswahili safi, wanaandika "bibi yangu". Kwa Mtanzania ni sawa kabisa. Lakini somesha shairi lile hapa kwetu, mbele ya mama zetu, "bibi yangu alinibeba mgongoni", na uangalie nyuso zao. Kwetu bibi ya mtu ni mke wake! Nilikuwa kwenye kilio kimoja ambapo kijana alisoma beti nzima juu ya bibi yake aliyezeeka na meno kutoka, na wazee wa nyuma wakaanza kuulizana huyu mtoto alioa lini. Mwingine aliandika "nyanya", akidhani ndiyo ya kishairi zaidi. Nyanya kwetu ni ya kupikia samaki. Si kusema kwamba Kiswahili sanifu ni kibaya. Mimi mwenyewe hapa najaribu kuandika Kiswahili ambacho hata mtu wa Dodoma ataelewa. Lakini jina unalomwita mtu wa nyumbani kwako halitafsiriwi. Kama ulimwita koko, yeye ni koko, hata mizani ikikataa. Kama nyumbani mnaongea Kibembe au Kifuliiru au Kibwari na ulimwita kwa neno la huko, lete neno lile.

Mwana Kupona hakuogopa jambo hilo. Alikuwa mwanamke wa kule Lamu na Siu, mke wa Bwana Mataka, na karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi. Aliutunga kwa Kiswahili cha kwao, si cha mji mwingine. Leo dada zetu wengi hawapendi anachokisema, namna mke anavyopaswa kumtumikia mume, na wana haki ya kukasirika. Lakini angalieni jambo moja: pale mzee ndiye anayeongea. Hakuna mtu anayemsifu kwamba ana hekima. Anatoa maagizo, anaingia mpaka chumbani, anaonyesha jinsi ya kumtunza mtu aliyelala. Unamsikia mama yule, na unaweza hata kumkatalia, jambo ambalo huwezi kulifanya na koko wa mashairi yetu. Koko wetu utamkatalia nini? Hajasema kitu. Amepewa hekima kama chemchemi na hakuna hata tone moja tuliloonja.

Hata Shaaban Robert, ambaye tunamtaja ovyo kila mtu akitaka kuonekana anajua ushairi, alipofiwa na mke wake Amina alimwandikia shairi kwa jina. Si "mke", si "ua la Afrika". Amina.

Sasa niseme moja zuri, msidhani kazi yangu ni kubomoa tu. Mwaka uliopita dada mmoja wa Baraka alituma shairi la mistari 14, usiku sana, na watu watatu tu ndio waliweka alama ya kupenda, mimi nikiwa mmoja. Ni juu ya koko wake mwanaume. Usiku mzee anatoka nje, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anahesabu taa za wavuvi wa ndagala huko ziwani. Anazihesabu zikitoka, na karibu na asubuhi anazihesabu zikirudi. Mjukuu anamletea koti. Mzee hamwambii kwa nini anahesabu. Mjukuu anasema tu kwamba mzee akimaliza hesabu anaingia kulala, na siku moja hesabu haikutimia, akakaa mpaka jua likawaka kichwani. Basi. Shairi limeisha.

Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nikasema ameacha kazi katikati. Nikarudia. Kila mtu wa pwani ya ziwa letu anajua nani alitoka na taa na hakurudi, na miaka gani. Mwaka 1964 na 1965, wakati wa Mulele. Mwaka 1996. Mwaka 1998. Dada yule hakutaja hata mwaka mmoja, na yote imo. Hakusema koko ana hekima, hakusema ana huzuni. Alimpa kiti cha plastiki. Kama ningekuwa na uwezo wa kutoa zawadi, ningempa yeye, na ningemwomba abadilishe neno moja tu: ameandika "samaki wadogo" fasi ya ndagala, naona aliogopa watu wa mbali. Waache watu wa mbali waulize.

Linganisha na aina nyingine ambayo inanitisha. Sitaki kuzunguka. Kuna mashairi yanayoanza na koko na kuisha na kabila zima la watu wengine. Beti ya kwanza koko yuko shambani kwake. Beti ya pili askari wanafika. Beti ya tatu koko amepotea, hatumwoni tena, na fasi yake imechukuliwa na "wao": wao ni nyoka, wao hawakuzaliwa hapa, wao watalipa. Na chini, alama za kupenda mia na zaidi. Mimi najua hasira ile inatoka wapi, imo ndani ya nyumba yetu pia. Nasema kama msomaji wa mashairi: angalieni wapi koko alipotelea. Alitumiwa kama tiketi ya kuingilia, halafu akaachwa mlangoni. Na kwenye vilima vya juu yetu leo watu wanauana tena, na kijana wa miaka 17 anayesoma beti ile kwenye telefone yake hajui Makobola zaidi ya beti ile. Mtu aliyeandika anajua. Alisoma chuo.

Ukiniuliza shairi la namna hiyo lina kosa gani la ufundi, nitakujibu kosa lake la ufundi na kosa lake lingine ni moja. Koko mwenye jina, mwenye goti bovu, haongezeki kuwa bendera. Ukimweka vizuri hawezi kubebwa na mtu mwingine.

Jambo lingine, kwa kifupi: kwa nini wazee wote wa mashairi ni wema? Mimi nina koko wa upande wa baba aliyewakatalia shangazi zangu shule na akauza shamba la ndugu yake alipokuwa Tanzania. Tunamheshimu, tulimzika vizuri. Sijaona shairi hata moja juu ya mzee wa namna hiyo, na kila familia inaye.

Sasa la kwangu.

Niliandika shairi miaka miwili iliyopita kwa ajili ya siku ya kumbukumbu. Beti saba, vina vimekaa, mizani nane kwa nane. Lilikuwa juu ya koko wangu mzaa mama, namna alivyokimbia Makobola na kuvuka ziwa. Niliandika kwamba ilikuwa usiku. Niliandika kwamba machozi yake yaliongeza maji ya Tanganyika. (Ndiyo, niliandika. Mcheke.) Na katika beti ya tano nilitaja jina la mdogo wake, ambaye hakutoka Makobola. Jina nilikuwa nimelisikia mara moja tu, kwa mama, alipokuwa anaongea na dada yake aliyehamia Marekani. Nililiona linakaa vizuri kwenye mizani, silabi nne.

Nikasoma mbele ya watu. Walipiga makofi, wengine walilia. Mtu mzima mmoja alikuja kunishika mkono. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo kwa familia.

Binamu yangu alikuwa amenasa sauti. Siku mbili baadaye alimsikilizisha koko. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye ngazi ya mlango, nikingoja sifa.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Ni nani alilia?"

Nikasema, ni wewe koko, ni shairi.

"Mi sikulia. Ningelia na mikono gani? Mukono huu sufuria, mukono huu mujomba wako. Na haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua kali, na yule mutu wa boti alikatala kwanza, nikamupa bikwembe mbili. Moja ilikuwa mupya."

Alikumbuka rangi ya kile kikwembe. Alieleza jinsi alivyofunga kifuniko cha sufuria kwa kamba juu ndani kulikuwa na unga wa muhogo na hakutaka maji yaingie. Aliongea juu ya ile sufuria kama dakika kumi. Juu ya Makobola yenyewe, juu ya zile siku, hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimemwekea beti nne kinywani.

Halafu akaniangalia. "Na ile jina. Uliitosha wapi?"

Sikujibu. Mama alikuwa jikoni, akaacha kuosha sahani.

Koko hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliamka, akashika jerikani yake, akaenda kisimani wakati maji yalikuwa yamejaa ndani ya nyumba. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba tangu ule mwaka koko hajalitaja jina lile, hata kwenye sala, na kwamba sisi wote nyumbani tulikuwa tunajua kutolitaja isipokuwa mimi niliyesoma.

Hapa ndipo nimekwama kama mhakiki, na nawaambia wazi. Kwa upande mmoja, nimesema hapo juu kwamba ripoti ina hesabu na haina majina, na kwamba majina yako kwa wazee. Ni nani basi atayaandika kama si sisi? Wazee wanaondoka. Koko huyu ana zaidi ya miaka 70 sasa. Na watu waliofanya yale mambo wangependa sana majina yasiandikwe. Kwa upande mwingine, jina lile si langu. Yeye alilinyamazia kwa miaka 20 na zaidi, na kunyamaza kule kulikuwa namna yake ya kulishika. Mimi nikalichukua juu lilikuwa na silabi nne.

Rafiki yangu mmoja, msomi kuliko mimi, aliniambia kwamba mshairi haombi ruhusa. Labda kwa mambo mengine. Lakini nimeona kwamba wanaosema hivyo mara nyingi hawajawahi kusomea shairi lao mtu aliye ndani yake. Tunaandika juu ya koko kwa Kifaransa ambacho koko hakisomi, au kwa Kiswahili cha kamusi ambacho anakisikia kama habari za redio, na tunapeleka kwa watu ambao hawakumjua. Kila msomaji duniani anaweza kufikiwa isipokuwa yeye. Siku hizi hata kisingizio hakuna. Ujumbe wa sauti unafika Nyarugusu, unafika Marekani, unafika kwa koko asiyejua kusoma kama kuna mtoto wa kumbonyezea. Mimi nilipimwa kwa bahati mbaya, juu ya binamu. Sikuwa na mpango wa kumsikilizisha. Nilikuwa na mpango wa kupigiwa makofi.

Nililiandika upya. Ilinichukua miezi minne. Nilitoa usiku, nikaweka jua. Nilitoa machozi yote. Niliweka sufuria, kamba, unga wa muhogo, vikwembe viwili na kwamba kimoja kilikuwa kipya. Beti nne nilizomwekea kinywani nilizifuta, na sikuweka kitu fasi yake. Shairi linaruka kutoka nyumbani mpaka kwenye boti, juu yeye mwenyewe ndivyo anavyosimulia. Zilibaki beti tatu. Nilimsomea mimi mwenyewe, polepole, akiwa anachambua maharagwe. Akanisahihisha fasi moja: mjomba hakubebwa, alitembea, alikuwa na miaka mitano, ndiyo maana mkono. Nikasahihisha.

Jina nililitoa. Mstari ule sasa una silabi nne pungufu. Nilipousoma mwaka huu kwenye kumbukumbu, makofi yalikuwa machache, na mwalimu mmoja wa Kiswahili alinifuata nje akaniambia kwa upole kwamba beti ya tatu inachechemea, kuna kitu kimepungua, nikihesabu nitaona. Nikamwambia asante mwalimu, nitaangalia.

Koko alikuwa amekaa mstari wa pili. Usiku, tuliporudi, aliniomba nimsomee tena ile fasi ya sufuria, ile tu. Nikamsomea. Akauliza kama dada yake mama aliyeko Marekani amekwisha kuipata. Nikasema bado.

"Mutumie," akasema. "Na umwambie ile sufuria ingali."

Ingali kweli. Masikio yake yamevunjika, tunapikia maharagwe.